Uyoga wa Mchwa: Kuutafuta Viungani mwa Nairobi Wakati wa Masika, na Kuupika

Masika huingia Nairobi katikati ya Machi, hukolea Aprili na kuanza kukatika kuelekea mwisho wa Mei. Ndani ya wiki hizo uyoga wa porini huchomoza kila mahali: malishoni Kiserian na Kitengela, kwenye nyua za Karen, chini ya misonobari, hata kwenye nyasi za mbele ya fleti. Mwingi wake haufai kuliwa, na kuna unaoua. Ndiyo maana hapa tunashughulikia aina moja tu, uyoga wa mchwa, tangu kuutafuta hadi kuuweka mezani na ugali.

Huu ndio anayeanza anapaswa kuujua kabla ya mwingine wowote. Nyama yake ni nene na tamu, haipotei kwenye mchuzi, na zaidi ya hayo una kitu ambacho uyoga hatari hauna: mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kiota cha mchwa. Mzizi huo hauonekani ukikata uyoga juu ya ardhi kwa kisu. Kwa hiyo kazi yote inasimama juu ya kanuni moja: chimba kwanza, kisu baadaye.

Kwa nini unaota pale unapoota

Mchwa wa jamii ya Macrotermes na Odontotermes hula miti na nyasi kavu, lakini hawawezi kumeng'enya chakula hicho bila msaada. Humeza mabaki ya mimea, na kwa kinyesi chao hujenga masega laini ndani ya kiota. Juu ya masega hayo hukuza kuvu, nayo huvunjavunja mabaki hadi yawe chakula cha mchwa. Kitaalamu kuvu hiyo huitwa Termitomyces, jina alilolitoa Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mvua ikishalowesha ardhi vya kutosha, kuvu husukuma uyoga kutoka kwenye sega hadi juu, wakati mwingine kupitia nusu mita ya udongo mgumu.

Safari hiyo ndiyo inayoupa uyoga huu umbo lake. Shina lazima liwe refu na lenye nyuzi imara. Kofia ikiwa changa hufungwa kwa kubana, na katikati yake pana ncha ngumu ya kutobolea udongo. Ukubwa hutofautiana sana: kuna wa kutosha kiganjani, kuna wa kufunika sahani, na Zambia kuna aina ambayo kofia yake hukaribia mita moja.

Hakuna aliyefanikiwa kuufuga uyoga huu kibiashara, kwa sababu hautengani na mchwa wake. Wa dukani, ule mweupe wa vifungo na ule wa chaza, ni jamii nyingine kabisa. Anayetaka huu hana budi kwenda porini, au kununua kwa mtu anayeujua.

Mahali, wakati na ruhusa

Anza kukagua siku ya tatu hadi ya kumi baada ya mvua kubwa za kwanza. Kumbikumbi wakianza kujaa kwenye taa za barazani jioni, ujue ardhi imeshalowa. Toka kesho yake alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi ndio muda mzuri. Kufikia adhuhuri nzi wameshataga, na jioni shina limejaa funza.

Sehemu zenye mchwa wengi ni nyanda za kusini na mashariki ya jiji: Ngong chini, Kiserian, Ongata Rongai, Kitengela, Athi River, na kuendelea hadi Kajiado na Machakos. Ukipanda kuelekea Limuru baridi huzidi na mchwa hawa hupungua, hivyo usipoteze asubuhi yako huko. Zunguka kichuguu chenye uhai, yaani chenye udongo mbichi uliojengwa karibuni, na ukague duara la mita kama tano kukizunguka. Lakini usikiamini kichuguu peke yake. Odontotermes wengi hukaa chini ya ardhi tambarare bila kujenga chochote juu, kwa hiyo uyoga wao unaweza kutokea katikati ya malisho wazi au kwenye ua wa nyumba. Na uyoga wa sumu nao unaweza kuota kando ya kichuguu. Kichuguu kinakwambia pa kutafuta. Hakikwambii cha kula.

Ukipata mahali, weka alama. Kiota kikiwa hai, uyoga hurudi palepale mwaka baada ya mwaka, na wenye mashamba wanaojua hili huvilinda vichuguu vyao.

Omba ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuingia, hata kama hakuna ua. Karura, Ngong Road Forest, Oloolua na misitu mingine ya aina hiyo si mahali pa kuchuma. Kutoa mazao ya msitu wa serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, na Mbuga ya Taifa ya Nairobi ina masharti makali zaidi. Nenda huko kwa macho na kamera tu. Kwa kujifunza maumbo, hakuna darasa zuri kuliko njia za Karura mwezi wa Aprili.

Kuna ardhi nyingine ambayo hata ukipewa ruhusa uiache. Uyoga hufyonza metali nzito, yaani risasi, kadimiamu na zebaki, na kuzilimbikiza mwilini mwake. Kuosha wala kupika hakuziondoi. Usichume kando ya Barabara ya Mombasa au ya Thika, kingo za Mto Nairobi, jirani na jaa la Dandora, wala kwenye viwanja vilivyowahi kumwagiwa taka au oili ya magari. Mashamba ya kahawa ya Kiambu nayo hupuliziwa dawa za shaba dhidi ya magonjwa ya majani na matunda. Ukiwa malishoni, kaa angalau mita 50 kutoka barabara yenye magari mengi.

Vya kubeba

Kiondo ndicho chombo bora kwa kazi hii. Kinapitisha hewa, hakibonyezi, na kinabebeka begani mikono ikiwa huru kuchimba. Mfuko wa nailoni, mbali na kupigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, huupasha uyoga joto na kuuozesha kabla hujafika nyumbani. Beba pia bahasha za kaki kadhaa, ili kila kituo kiwe na bahasha yake, sepeto ndogo ya bustani au kijiti kigumu chenye ncha, kisu kidogo, na brashi ya rangi ya inchi moja isiyotumika. Vaa gambuti na suruali nene. Matundu ya vichuguu vikuukuu hukaliwa na nyoka, wakiwemo swila, kwa hiyo usiingize mkono kwenye shimo lolote. Gonga ardhi kwa fimbo kwanza na usubiri.

Kuchimba

Ukikuta kundi, chagua uyoga mmoja uliokomaa na mmoja mchanga. Hao wawili utawachimba hadi chini kabisa. Wengine utawang'oa tu.

Simama upande mmoja wa shina, hesabu kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye shina, na uchimbe wima. Usichimbe ukiinama juu ya shina lenyewe, maana sepeto italikata na ushahidi utapotea. Ukifika sentimita 15, weka sepeto kando na uondoe udongo kwa vidole na kijiti kutoka upande, taratibu, mpaka shina lionekane lote. Kwenye udongo mweusi wa Kitengela kazi hii huchukua dakika kumi nzima kwa sababu udongo unanata. Kwenye udongo mwekundu wa Karen ni rahisi zaidi.

Sasa tazama kwa makini. Kwa uyoga wa mchwa, shina halina mwisho pale ardhini. Linaweza kuvimba kidogo karibu na uso wa udongo, kisha linaendelea kushuka likiwa jembamba zaidi na zaidi, na mara nyingi linageuka rangi kuwa kahawia au jeusi kadiri linavyokaribia kiota. Ukifuata vya kutosha utafika kwenye sega: bonge jepesi la kahawia, lenye mikunjo na vishimo, mchwa wakikimbia juu yake, na juu ya uso wake vijitone vyeupe vidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Ukiona hivyo acha kuchimba. Usitoe sega. Rudishia udongo na uukandamize kwa mkono, kwa sababu kiota kilichoachwa wazi huvamiwa na siafu na mwaka ujao hakutakuwa na kitu.

Kwa uyoga hatari wa jamii ya Amanita hali ni tofauti. Shina huishia sentimita chache tu ardhini, kwa tako nene, na tako hilo mara nyingi limekaa ndani ya kifuko cheupe kilichochanika, au limezungukwa na mapete ya magamba. Kifuko hicho kinaweza kuwa kimefukiwa chote. Anayekata uyoga juu ya ardhi hukiacha udongoni, akaenda nyumbani na kofia nyeupe nzuri isiyo na dalili yoyote ya hatari. Kosa hili ndilo linalogharimu maisha, na dakika kumi za kuchimba zinaliondoa.

Uyoga uliobaki kwenye kundi ushike chini kabisa, uzungushe taratibu na uvute. Utakatika mzizini. Kagua kila mmoja pale ulipokatika: pawe pamejaa nyama nyeupe yenye nyuzi, pasiwe na kifuko wala bonge. Uyoga mgeni hupenda kujichanganya katika kundi, kwa hiyo usikague mmoja ukaridhika na wote.

Alama zinazopaswa kukubaliana zote

Mzizi ni alama kuu, lakini hausimami peke yake. Kofia iwe na ncha au kinundu kigumu katikati, ngozi yake iwe laini au yenye mistari kuanzia katikati kwenda pembeni, rangi nyeupe, kijivu au kahawia ya udongo. Kusiwe na vibaka vinavyobanduka ukipitisha kidole. Geuza kofia: matamvua ya chini yamepangika kama kurasa za kitabu, ni meupe yanapokuwa machanga kisha yanaelekea maziwa au pinki hafifu, na hayagusi shina. Ukipasua, nyama ibaki nyeupe. Ikigeuka njano, nyekundu au samawati, tupa. Zipo aina za uyoga wa mchwa zenye pete kwenye shina, na zipo zenye magamba mazito ya kahawia kofiani. Ni nzuri kwa wazoefu, lakini anayeanza aziache zote mbili, kwa sababu pete na magamba ndiyo sura ya maadui wakubwa.

Halafu ipo rangi ya spora, yaani vumbi la mbegu. Ukitoka mahali papya kwa mara ya kwanza, usipike kabla ya kuiona. Kata shina la kofia moja iliyokomaa, laza kofia matamvua yakitazama chini, nusu juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya karatasi nyeusi. Dondosha tone la maji juu ya kofia, funika kwa bakuli na uache saa 6 hadi 12. Uyoga uliobaki ukae frijini ndani ya bahasha ya kaki. Vumbi la uyoga wa mchwa ni la pinki hafifu, au maziwa yenye upinki. Likiwa jeupe pee, si wenyewe. Likiwa la kijani, umeleta nyumbani uyoga wa sumu wa nyasi. Jeusi au kahawia iliyokoza, tupa. Na hata pinki haitoshi peke yake, maana jamii ya Entoloma, yenye aina za sumu, nayo ina spora za pinki.

Ndiyo sababu kanuni za kuokota kutoka nchi nyingine hazifai kuletwa hapa bila kufikiri. Kusini-mashariki mwa Asia watu hula uyoga wa majani ya mpunga, ambao una kifuko chini ya shina. Baadhi yao wamehamia nchi nyingine, wakaona kifuko kilekile kwenye Amanita phalloides, wakaula na kufa. Walichokijua kilikuwa kweli kwao, katika ardhi yao.

Wanaofanana nao

Adui wa kawaida katika nyua za mijini ni Chlorophyllum molybdites. Huota kwenye nyasi zilizokatwa, mara nyingi kwa duara, msimu uleule wa mvua. Kofia ni nyeupe, hufika sentimita 20 na zaidi, ina magamba ya kahawia yaliyotawanyika, na shina lina pete inayoteleza juu na chini. Hauna mzizi. Matamvua yake ni meupe kwa siku kadhaa kabla ya kugeuka kijani chafu, na hapo ndipo wengi huingia mtegoni, kwa kuuchuma ukiwa bado mweupe. Husababisha kutapika na kuhara vikali ndani ya saa moja hadi tatu.

Chini ya misonobari unaweza kukuta uyoga mwekundu wenye vibaka vyeupe, Amanita muscaria, ulioletwa Afrika pamoja na miche ya miti hiyo. Huu haufichi sura yake. Wa kuogopa zaidi ni ule mweupe mtupu au wa kijani-manjano wa jamii hiyohiyo.

Upo pia uyoga wa mchwa mdogo sana, kofia sentimita moja hadi mbili, unaotokea kwa mamia kwenye vipande vya sega ambavyo mchwa wametoa nje. Unaliwa na ni mtamu. Lakini hauna mzizi mrefu, na Inocybe, uyoga mdogo wenye kofia ya ncha na sumu ya maskarini, unaweza kuingia kiondoni pamoja nao bila kuonekana. Kuchambua mamia ya vikofia kimoja kimoja ni kazi ya mtu aliyekulia nao. Uache.

Vipimo visivyopima kitu

Kuchemsha na kitunguu saumu au sarafu ya fedha ili kuona kama vitabadilika rangi hakupimi sumu yoyote ya uyoga. Kuona umeliwa na konokono, tumbili au funza hakumaanishi kitu. Miili yao si yetu. Magadi hulainisha uyoga, hayaondoi sumu. Na sumu ya Amanita inayoua haiondoki kwa kuchemsha, kukausha wala kuloweka, na wengi walionusurika husema uyoga ule ulikuwa mtamu. Kuonja kidogo si kipimo: uyoga mmoja wa aina hiyo unatosha kumuua mtu mzima.

Ukiwa na shaka na una hamu ya kujua, Makavazi ya Taifa pale Museum Hill yana East African Herbarium, hifadhi ya sampuli za mimea na kuvu. Sampuli ya kupeleka iwe nzima pamoja na mzizi, ndani ya kaki, na maelezo ya mahali, udongo, miti ya jirani na tarehe. Picha ya kofia peke yake kwenye simu haimsaidii mtaalamu, na programu za simu za kutambua uyoga zisitumiwe kuamua chakula.

Mtu akidhurika

Sumu ya maskarini huanza ndani ya dakika 15 hadi saa mbili: jasho jingi, mate, machozi, tumbo kukaza. Zile za tumbo tu huanza ndani ya nusu saa hadi saa tatu. Ile inayoua huchelewa, saa 6 hadi 24, huleta kutapika na kuhara, kisha mgonjwa hupata nafuu kwa siku moja au zaidi huku ini likiendelea kuharibika. Nafuu hiyo ni ya uongo. Usimrudishe mtu nyumbani kwa sababu ameacha kutapika.

Piga 999 au 112, au nenda moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali kubwa. Cha Hospitali ya Kenyatta kiko wazi usiku na mchana. Waende wote waliokula sahani ile, hata wasioumwa. Beba uyoga mbichi uliobaki na mabaki ya chakula, na uandike saa ya kula na saa dalili zilipoanza, kwa sababu tofauti ya saa hizo humwonyesha daktari ni sumu ya kundi gani. Usimpe mgonjwa maziwa, mafuta wala majivu, na usimlazimishe kutapika.

Kwa ajili hiyo, kila unapopika uyoga wa porini bakiza vichwa viwili vibichi frijini ndani ya kaki kwa siku tatu. Anayekula kwa mara ya kwanza aanze na vijiko viwili vya mezani, bila pombe, kisha asubiri siku nzima. Kuna watu ambao matumbo yao hayapatani hata na uyoga salama. Watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa wa ini wasile wa porini kabisa.

Kusafisha

Anza kusafisha porini: kata mzizi wenye udongo, piga brashi kofia, kisha weka kiondoni matamvua yakitazama chini. Mchanga ukishaingia kwenye matamvua hautoki.

Nyumbani, kwaruza shina kwa kisu hadi weupe uonekane, kisha pasua kila uyoga katikati kwa urefu. Njia nyembamba za kahawia ndani ya shina ni za funza. Kata sehemu hiyo. Zikifika kofiani, tupa wote. Tia vipande kwenye maji baridi yenye kijiko kimoja cha mezani cha chumvi kwa lita kwa dakika tano, wadudu waliojificha watatoka. Ukizidisha dakika kumi uyoga unanyonya maji na ladha inakwenda nayo. Suuza haraka chini ya bomba, tandaza juu ya kitambaa safi na ufute.

Tenga kofia na mashina. Kofia zichane kwa mkono kufuata nyuzi zake. Mashina yakate vipande vyembamba vya milimita tatu, maana yana nyuzi ngumu na huiva polepole. Upike siku hiyohiyo. Usiku mmoja frijini ndio mwisho.

Uyoga kwa mchuzi wa njugu

Hivi ndivyo watu wa Magharibi mwa Kenya wanavyoupenda, na hakuna pishi linaloutendea haki zaidi. Kwa watu wanne utahitaji uyoga uliosafishwa gramu 500, kitunguu maji kikubwa kimoja, nyanya mbili, vijiko vitatu vya mezani vya siagi ya njugu isiyo na sukari, vijiko viwili vya mafuta, maji moto mililita 300, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na dania kidogo.

Weka sufuria pana kwenye moto wa wastani, bila mafuta. Tia mashina kwanza, dakika tano, kisha kofia. Uyoga ni maji kwa sehemu tisa kati ya kumi, na dakika chache baadaye utaelea katika maji yake wenyewe. Usiyamwage. Acha yachemke na kukauka yenyewe, dakika nane hadi kumi, mpaka usikie mlio wa kuchemka ukibadilika kuwa wa kukaangika. Hapo ndipo mafuta huingia. Wanaotia mafuta mwanzoni hupata uyoga uliochemshwa kwenye mafuta, laini, usio na harufu ile nzito. Sufuria ikiwa ndogo mno hali ni ileile. Gawa mara mbili.

Tia kitunguu, kaanga dakika nne hadi kiwe na rangi ya dhahabu, kisha nyanya zilizokatwa, hadi ziyeyuke. Wakati huo koroga siagi ya njugu ndani ya maji moto kwenye bakuli mpaka isiwe na madonge. Ukiitia moja kwa moja sufuriani itashika chini na kuungua. Mimina, tia chumvi, punguza moto, na upike dakika 15 ukikoroga kila baada ya dakika mbili. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94 tu kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo usipunguze dakika hizo hata kama kitabu cha mapishi kinasema kumi. Mafuta ya njugu yakianza kujitokeza juu ya mchuzi, umeiva. Ukiwa mzito ongeza maji ya moto, si baridi. Dania huingia moto ukishazimwa.

Ugali uwe mgumu kiasi. Sukuma wiki kando, bila viungo vingi. Usitie unga wa mchuzi wala kipande cha supu cha dukani, kwani uyoga huu una ladha ya nyama tosha na viungo hivyo huifunika.

Kofia kubwa zisizo na funza zinaweza kuchomwa kwenye jiko la makaa. Pakaa samli na chumvi, laza upande wa juu wa kofia ukitazama makaa yaliyotulia dakika sita, geuza dakika nne, kisha rudia mpaka katikati pawe pameiva na kulainika. Usile mbichi wala nusu-mbichi.

Kukausha ziada

Jua la Aprili haliaminiki Nairobi. Mawingu ya siku mbili yanatosha kuuvundisha uyoga juu ya ungo. Kata vipande vya milimita tano, vipange visigusane kwenye waya wa oveni, joto nyuzi 50, mlango wazi upana wa mwiko, saa sita hadi nane. Bila oveni, tunga kwenye uzi na uning'inize juu ya jiko la makaa linalofifia, umbali wa nusu mita, usiku mbili tatu. Moto mkali huupika juu na kuacha unyevu ndani, na hapo ukungu huanza baada ya wiki moja.

Kipande kilichokauka sawasawa huvunjika kwa mlio; kikijikunja tu, hakijakauka bado. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mahali pa giza, ukiwa umeandika mahali na tarehe. Kagua baada ya siku tatu: ukiona mvuke ndani ya kioo, rudisha jikoni siku hiyo. Kabla ya kupika loweka gramu 50 kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu kwa dakika 30, chuja maji hayo kwa kitambaa ili mchanga ubaki, na uyatumie badala ya maji moto ya mchuzi wa njugu.